Kutengeneza na Kupima Kichocheo cha Platinamu Juu ya Zeolaiti: Mwongozo kwa Maabara za Unguja na Pemba

Asubuhi za kipupwe, kusi linapovuma na usiku kupoa, chupa ya mafuta ya nazi iliyowekwa dirishani hapa Unguja huweza kukutwa imeganda nyeupe, kisha jua likipanda ikayeyuka bila mtu kuigusa. Mafuta hayo huganda kwenye takriban nyuzi 24 za Selsiasi, na sababu kubwa ni umbo: minyororo ya kaboni iliyomo ndani yake, kwa sehemu kubwa, ni minyoofu, hivyo hulala sambamba kama fito zilizofungwa tita moja. Fito zilizonyooka hufungika vizuri, lakini matawi yenye panda hayafungiki. Kazi inayoelezwa katika mwongozo huu ni ya kuzitia panda fito hizo, yaani kugeuza haidrokaboni ya mnyororo mnyoofu kuwa isoma yake yenye matawi (atomu zile zile kwa mpangilio mwingine), kwa kutumia kichocheo, yaani kiharakisha mmenyuko kisichotumika chenyewe, cha platinamu kilichobebwa na zeolaiti, fuwele zenye vijitundu vidogo mno.

Nitatumia dodekani, alkani ya kaboni 12, kuwa mfano wa mwanzo hadi mwisho. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, inahusiana na minazi yetu: asidi ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya asidi zote za mafuta ya nazi, ikiondolewa oksijeni kwa haidrojeni huacha dodekani, na oksijeni hiyo ikitoka pamoja na kaboni moja hubaki undekani. Pili, dodekani haishiki moto upesi kama heksani, wala haina sumu ya mishipa ya fahamu ambayo heksani inajulikana nayo, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kujifunza nayo bila kujihatarisha sana.

Dodekani nyoofu huganda karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, ilhali mafuta ya ndege ya Jet A-1 hayaruhusiwi kuganda kabla ya kufika nyuzi 47 chini ya sifuri. Pengo hilo ndilo linalozibwa na matawi. Ukitaka kuona nguvu ya umbo peke yake, tazama oktani: ile nyoofu huganda kwenye nyuzi 57 chini ya sifuri, na isooktani, yenye idadi ile ile ya kaboni na haidrojeni, huganda kwenye nyuzi 107 chini ya sifuri. Katika petroli nako ni hivyo hivyo, kwani heksani nyoofu ina namba ya oktani (kipimo cha petroli kustahimili kugonga ndani ya injini) takriban 25, na 2,2-dimethilibutani inafikia takriban 92. Mafuta ya ndege yanayotokana na mafuta ya mimea kwa njia hii yaliingizwa katika kiwango cha ASTM D7566 mwaka 2011, kwa sharti kwamba yasizidi asilimia 50 ya mchanganyiko. Sisemi kwamba mbata ya Pemba itarusha ndege kesho. Nasema kwamba kemia yake inafundishika hapa hapa.

Kichocheo chenye kazi mbili

Platinamu huichopoa alkani haidrojeni mbili na kuifanya alkeni, yenye kiungo maradufu cha kaboni. Alkeni husafiri hadi kwenye kituo cha asidi ndani ya zeolaiti, hupokea protoni (haidrojeni yenye chaji chanya), na mnyororo wake hujipanga upya kwa kupitia umbo la pete ya kaboni tatu. Kisha huirudisha protoni, hurejea kwenye platinamu na kurudishiwa haidrojeni zake mbili. Hivyo inayotoka ni alkani tena, yenye uzito ule ule, ila sasa ina tawi.

Tatizo huanza pale alkeni inapokutana na vituo vingi vya asidi kabla ya kukutana tena na platinamu. Hupata tawi la pili, pengine la tatu, na mnyororo wenye matawi mengi humegeka kwa urahisi mno. Ni kama abiria wa daladala aliyepitilizwa kituo chake: kila kituo kinachoongezeka kinamweka mbali zaidi na nyumbani. Kwa hiyo swali la kila hatua inayofuata ni moja tu, nalo ni kama platinamu inatosha, imetawanyika, na iko karibu na asidi. Paul Weisz alilieleza sharti hilo la ukaribu mwaka 1962, na hadi leo ndilo linalotenganisha kichocheo kizuri na unga wa bei ghali.

Hatua ya kwanza: kuchagua zeolaiti

Zeolaiti ni fuwele za silika na alumini zenye vijitundu vilivyo sawa kwa upana, chini ya nanomita moja. Jina lake alilitoa Axel Cronstedt wa Sweden mwaka 1756 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya jiwe linalochemka, kwa kuwa jiwe lile lilitoa mvuke mwingi lilipopashwa moto. Msomaji aukumbuke mvuke huo, maana tutarudi kwake.

Kwa pentani na heksani, viwanda vimetumia mordenaiti yenye platinamu kwa miaka mingi, kwenye joto la karibu nyuzi 250. Kwa minyororo mirefu kama dodekani, ZSM-22 hufaa zaidi, kwa kuwa vijitundu vyake ni vyembamba na havikatizani. Mnyororo huingiza ncha tu mlangoni, hupata tawi moja, na hauna nafasi ya kupata mengi. SAPO-11, ambayo kwa ukali wa maneno si zeolaiti kwa sababu ina fosforasi, hufanya kazi inayofanana na hiyo. Ugumu ni kwamba ZSM-22 haipatikani kwa wauzaji kirahisi kama zeolaiti za beta, mordenaiti au ZSM-5. Ikiwa huna, anza na beta na ukubali kwamba utapata umegekaji zaidi. Nisingeshauri kuanza na ZSM-5: mifereji yake inakatizana, na katika makutano hayo matawi huota na kukosa njia ya kutokea mpaka yamegeke.

Uliza pia uwiano wa silikoni kwa alumini. Kila atomu ya alumini katika fremu huweza kuzaa kituo kimoja cha asidi, na uwiano wa 45, ambao nitautumia katika hesabu, hutoa takriban milimoli 0.36 za vituo kwa kila gramu.

Hatua ya pili: kuipeleka kwenye umbo la asidi

Zeolaiti ikija ikiwa na sodiamu, itie katika myeyuko wa amonia nitrati wa moli 1 kwa lita, mililita 20 kwa kila gramu, ukoroge kwa saa 2 kwenye nyuzi 80, uchuje, na urudie mara tatu. Ikija ikiwa na amonia, ruka sehemu hiyo.

Jambo moja linahitaji msisitizo kwetu. Maji ya visima na ya mfereji ya Unguja hupita katika mawe ya chokaa ya matumbawe, hivyo hubeba kalsiamu, na ya visima vya pwani huongeza chumvi ya bahari. Zeolaiti ni mtekaji wa ioni kwa maumbile yake. Ukiiosha kwa maji hayo utakuwa unazifunga tena nafasi ulizotumia siku nzima kuzifungua. Tumia maji yaliyoondolewa ioni, au angalau yaliyokenekwa, tangu kuosha vyombo hadi kusuuza mara ya mwisho. Suuza kwa wingi, kwani amonia nitrati iliyobaki haifai kuingia tanurini.

Kausha kwenye nyuzi 110 usiku kucha, kisha pandisha joto kwa nyuzi 2 kwa dakika hadi 500 katika hewa inayopita, na uache hapo kwa saa 4. Amonia hutoka, protoni hubaki.

Hatua ya tatu: kuujua unyevu kabla ya kupima

Hapa ndipo makosa mengi ya visiwani yanapotokea, na nakiri kwamba nami nimewahi kulifanya. Wakati wa masika niliacha sahani ya zeolaiti wazi mezani tangu jioni, asubuhi nikapima gramu 10 kwa mizani ya tarakimu nne, nikajivunia usahihi wangu, na baadaye nikashangaa mbona platinamu ilizidi kiasi nilichokusudia. Nilikuwa nimepima maji. Baadhi ya zeolaiti zenye alumini nyingi hubeba maji hadi karibu robo ya uzito wake, na hata zile zenye silika nyingi hazikosi asilimia kadhaa katika hewa yetu, ambayo unyevu wake haupungui sana mwaka mzima.

Dawa yake si kukimbizana na unyevu bali kuuhesabu. Acha unga wote utulie katika hewa ya chumba kwa siku nzima ili uzito wake usiwe ukibadilika mbele ya macho yako. Chota takriban gramu 1, pima kwa uangalifu katika kibakuli cha kauri, upashe kwenye nyuzi 550 kwa saa 2, upoze ndani ya desiketa yenye silika jeli iliyo hai, kisha upime tena upesi. Tuseme gramu 1.000 imekuwa gramu 0.880: maji ni asilimia 12, na ili upate gramu 10 za zeolaiti kavu utapima 10 gawanya kwa 0.88, yaani gramu 11.36. Kipimo hiki kifanywe siku ile ile ya kutia platinamu. Kipimo cha wiki iliyopita, mvua ikiwa imenyesha katikati, hakina maana.

Hatua ya nne: kutia platinamu

Tunakusudia asilimia 0.5 ya platinamu, yaani gramu 0.05 kwa gramu 10. Chumvi inayofaa ni tetraamini platinamu nitrati, kwa kuwa platinamu yake ina chaji chanya na zeolaiti huivuta ndani. Uzito wake wa moli ni 387.2, na platinamu ni 195.1 kati ya hizo, sawa na asilimia 50.4, kwa hiyo utahitaji gramu 0.099 za chumvi. Asidi ya kloroplatini ni rahisi zaidi kupatikana, lakini platinamu yake ina chaji hasi, hukataliwa na fremu ya zeolaiti na kwenda kukaa juu ya alumina (oksidi ya alumini) kama imechanganywa humo.

Kukataliwa huko si hasara kila mara. Mwaka 2015 watafiti wa Utrecht na Leuven walionyesha kwamba kwa minyororo mirefu, platinamu iliyokaa kwenye alumina ya kushikizia, nanomita chache nje ya zeolaiti, ilitoa isoma nyingi na vipande vichache kuliko iliyokaa ndani kabisa ya fuwele. Ukaribu una kiasi chake. Hata hivyo, kwa anayejifunza, njia ya kubadilisha ioni ndiyo inayorudiwa bila kubahatisha, na ndiyo ninayoifuata hapa.

Tia zeolaiti katika mililita 200 za maji pamoja na amonia nitrati kidogo, takriban gramu 0.5. Ioni za amonia hushindania nafasi na platinamu, na ushindani huo huizuia platinamu isijazane kwenye ngozi ya nje ya fuwele za mwanzo zinazokutana nayo. Yeyusha chumvi ya platinamu katika mililita 100, uitie kwenye bureti, na uidondoshe polepole kwa saa mbili huku kikorogeo cha sumaku kikizunguka. Endelea kukoroga usiku kucha, chuja, na usuuze vizuri. Maji ya kuchujia usiyamwage: yawekwe katika chupa yenye lebo, kwa sababu platinamu iliyobaki humo ina thamani, na kwa sababu chumvi za platinamu huleta mzio mkali kwa ngozi na mapafu. Glavu na miwani si mapambo katika hatua hii.

Hatua ya tano: kukausha na kuchoma polepole

Kausha kwenye nyuzi 80, halafu 110. Kisha pandisha joto kwa nyuzi moja tu kwa dakika hadi 350, katika hewa kavu inayopita kwa wingi, na uache hapo kwa saa 3. Ukiharakisha, amonia inayotoka kwenye chumvi huirudisha platinamu kuwa metali kabla ya wakati wake. Chembe hutembea, hukutana, na kuwa madonge. Donge la platinamu ni hasara tupu, kwani atomu za ndani hazigusani na chochote.

Hesabu inaonyesha uzito wa jambo hili. Asilimia 0.5 ni mikromoli 25.6 za platinamu kwa gramu. Nusu yake ikiwa wazi juu ya chembe, ni mikromoli 12.8 dhidi ya mikromoli 360 za asidi, yaani uwiano wa 0.036. Sehemu iliyo wazi ikishuka hadi moja ya tano, uwiano unakuwa 0.014, na hapo umepoteza zaidi ya nusu ya kazi ya metali bila kupoteza hata miligramu moja.

Kutoka joto la chumba hadi nyuzi 350 ni zaidi ya saa 5, ukiongeza saa 3 za kukaa na muda wa kupoa, siku imekwisha. Kwa hiyo anza alfajiri, na uwe na mpango wa umeme kukatika. Wakaazi wa Unguja hawajalisahau giza la tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, na ingawa hali imebadilika tangu waya mpya wa megawati 100 ulipowekwa mwaka 2013, kukatika kwa dakika kumi kunatosha kuharibu mpando wa joto. Tanuri likizimika chini ya nyuzi 150, endelea palipoachwa umeme ukirudi. Likizimika juu ya hapo, hakikisha tanuri lako halirudi kwa kasi yake yote kufikia joto lililokuwa limepangwa. Matanuri mengi hufanya hivyo, na ndiyo sababu swichi ya umeme wa tanuri izimwe kwa mkono mara tu taa zinapokufa.

Hatua ya sita: chembe

Gandamiza unga kuwa vidonge bila gundi, vipondeponde, na uchekeche ubaki na chembe za mikromita 250 hadi 500. Unga mtupu huziba bomba.

Hatua ya saba: haidrojeni

Hadi hapa, maabara yenye tanuri nzuri, mizani na maji safi inajitosheleza. Riakta ya bomba la chuma cha pua yenye haidrojeni ya kanieneo kubwa ni jambo jingine, na ikiwa iko Bara, safirisha kichocheo kikiwa bado hakijatiwa haidrojeni, katika chupa iliyofungwa kwa nta ndani ya mfuko wenye silika jeli. Hewa ya bahari juu ya boti si rafiki.

Haidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 hewani, na mwali wake hauonekani kwa urahisi mchana. Hupanda juu, hivyo madirisha ya juu na kitambuzi cha darini vina maana kuliko vya chini. Paka maji ya sabuni kila kiungo kwanza kwa naitrojeni yenye kanieneo la kazi. Kiungo kisichotoa povu kwa naitrojeni bado kipimwe kwa haidrojeni, kwa kuwa molekuli yake ni ndogo. Vali ya haidrojeni iwe ni ile inayojifunga umeme ukikatika, na ya naitrojeni iwe inayojifungua.

Changanya gramu 1 ya kichocheo na silikoni kabaidi ili joto lienee, uweke katikati ya bomba, na thamokapo (waya wa kupimia joto) iguse kitanda chenyewe cha kichocheo, si ukuta wa tanuri. Safisha kwa naitrojeni, kausha kwenye nyuzi 150 kwa saa moja, ubadilishe kwenda haidrojeni, upande nyuzi 2 kwa dakika hadi 400 na ukae saa 2. Maji yanayotengenezwa hapa hudhuru mtawanyiko wa platinamu, kwa hiyo haidrojeni ipite kwa wingi.

Hatua ya nane: kuendesha na kusoma matokeo

Shusha joto hadi 240, pandisha kanieneo hadi baa 20, na pampu dodekani gramu 2 kwa saa. Hiyo ni milimoli 11.7 kwa saa. Kwa haidrojeni mara kumi ya moli, utahitaji takriban mililita 48 kwa dakika katika hali ya chumba. Subiri hali itulie, kwa kawaida zaidi ya saa moja, chukua sampuli mbili zinazolingana, kisha panda nyuzi 10 na urudie hadi 320 au hadi umegekaji utawale.

Kwenye kromatografi ya gesi, inayotenganisha mchanganyiko, yenye safu isiyo na ncha za chaji, dodekani nyoofu hutoka mwisho. Kundi la vilele kabla yake kidogo ni methiliundekani, zenye tawi moja. Zenye matawi mawili hutangulia zaidi, na vipande vya kaboni 3 hadi 9 hutangulia vyote. Tuseme kati ya sehemu 100 zilizoingia, 30 zimebaki nyoofu, 60 ni isoma na 10 zimemegeka. Ugeuzaji ni asilimia 70, na uteuzi wa isoma ni 60 kwa 70, yaani asilimia 86. Namba hizi ni za mfano, lakini usikubali kulinganisha vichocheo viwili kwa joto lile lile tu. Vilinganishe kwa ugeuzaji ule ule, maana kichocheo kivivu daima huonekana kiteuzi.

Vipande vilivyomegeka vina habari kuliko isoma zenyewe, na wengi huvipuuza. Mnyororo wa kaboni 12 ukikatika mara moja tu, moli za kaboni 3 zitalingana na za kaboni 9, za 4 na za 8, za 5 na za 7. Mizani hiyo ikilala upande wa vidogo, vipande vinakatwa tena kabla ya kutoka: platinamu haitoshi, au iko mbali. Ukiona methani na ethani kwa wingi, lawama si ya asidi, bali ni platinamu yenyewe inayokata ncha za mnyororo, jambo linaloongezeka joto likizidi. Na ukitaka kujua kwa hakika kama metali inatosha, tengeneza kundi la pili lenye platinamu maradufu juu ya zeolaiti ile ile. Kasi isipobadilika, asidi ndiyo inayoamua na metali imekwisha kutosha. Ikiongezeka, rudi hatua ya tano ukachunguze mpando wako wa joto kabla ya kununua chumvi zaidi.

Kuchoka na kufufuliwa

Salfa huilemaza platinamu hata ikiwa kidogo sana. Atakayefika mbali na kutumia malighafi iliyotoka kwenye mafuta ya nazi kweli, badala ya dodekani ya chupa, akumbuke kwamba hatua ya kuondoa oksijeni huacha maji na kaboni monoksidi, na ikiwa imetumia kichocheo cha nikeli na molibdenamu chenye salfa, huacha pia haidrojeni salfaidi. Vyote vitenganishwe na kimiminika kikaushwe kabla ya kukaribia platinamu.

Uchovu mwingine ni wa masizi yanayoziba milango ya vijitundu, na huonekana kwa ugeuzaji kushuka polepole huku ukilazimika kupandisha joto kuufidia. Safisha riakta kwa naitrojeni hadi haidrojeni iishe kabisa, kisha ingiza oksijeni ya asilimia 1 tu ndani ya naitrojeni na upande taratibu hadi nyuzi 450, ukiangalia thamokapo ya kitandani. Ikiruka ghafla, punguza oksijeni, usipunguze tanuri. Masizi yakisha kuungua, rudia hatua ya haidrojeni kama ilivyoelezwa. Kichocheo kilichokataa kufufuka kiwekwe katika kopo lake lenye tarehe, uzito na asilimia ya platinamu, pamoja na zile chupa za maji ya kuchujia, mpaka zitimie za kutosha kupelekwa kwa wasafishaji wa metali.